Nilipokuwa Mkamwana wa Baba Yangu

Msiniulize nilisoma wapi. Sikusoma. Darasa la pili niliacha nikaenda kuchunga, na kalamu nimekuja kuishika vizuri nikiwa tayari nanyoa ndevu. Lakini miaka ile ya sabini, gazeti letu dogo pale Mbeya, lile la kurudufu kwa mkono lililoacha wino kwenye vidole vya kila aliyelishika, lilikuwa na ukurasa mmoja uliosomwa kabla ya kurasa nyingine zote. Ukurasa huo ulikuwa wangu. Sijisifu, natoa taarifa. Nawaandikia ninyi vijana wa kazi hii, mlio na vyeti hadi ukuta umejaa, kwa sababu nasoma mnayoandika na naona wengi wenu mnapakua chakula ambacho hamkukionja.

Ukurasa wenyewe uliitwa "Nimeonja". Kuueleza ni rahisi. Naacha maisha yangu, naingia kwenye maisha ya mtu mwingine kwa muda, nakula anachokula, nalala anapolala, nikirudi naandika paliponibana.

Niliingia kwa mdomo. Mimi nilikuwa mzungusha mashine tu. Mhariri wetu alikuwa Bwana Shebe, mtu wa Mbeya mjini ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini hadi cha kwetu sisi wa bara kikasikika kama mawe ndani ya debe. Siku moja nazungusha mashine, inatoka habari ya wachuma chai wa Igowole, iliyoandikwa na bwana mmoja mwenye shule yake. Nikasema kwa sauti, "Huyu hakufika."

Bwana Shebe akainua miwani. "Umejuaje, we bwana? Ulikuwa naye?"

"Baridi haimo. Igowole asubuhi, mtu anachuma chai, na baridi haimo hata mara moja?"

Akanitazama. Kisha akasema, "Haya. Nenda kailete."

Nikaenda kuileta. Nilichuma chai na kikapu mgongoni, umande hadi mapajani, na jioni ya kwanza msimamizi alimwaga nusu ya nilichochuma akasema hii ni lishe ya mbuzi. Niliporudi Mbeya vidole vilikuwa vimepasuka, siwezi kushika kalamu. Nikamwambia Bwana Shebe nipe muda vipone. Akasema, "Vikipona utaandika uongo. Andika hivyo hivyo." Nikaandika, kila neno likiuma. Ndiyo maana ile habari ilikuwa fupi, na ndiyo maana watu waliipenda.

Basi shikeni la kwanza hilo: andika kabla hujapona.

La pili nililipata Usangu. Kule walikuwa wameshaanza kuhamia Wasukuma na ng'ombe zao, nami nikaomba kukaa kwa mzee mmoja, Mzee Masanja. Nikaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila", kwa fahari, nikapewa maziwa, nikakaa. Halafu nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza: "Mzee, mna ng'ombe wangapi?"

Wote waliokuwa bomani wakanigeukia. Hata yule aliyekuwa anakamua akasimamisha mikono. Mzee Masanja akauliza polepole, "Umetumwa na nani?"

"Na gazeti, mzee."

"Gazeti linataka kuwala?"

Kesho yake nikaona maziwa yamepungua kwenye kibuyu changu, nikajua nimeadhibiwa. Ni mke wake mkubwa aliyenionea huruma. Akaniambia ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni, wanaitwa majina. Nikarudi kwa mzee, nikamwuliza ng'ombe yule mwekundu anaitwaje. Jua lilizama bado anasema. Mama yake nani, alitoka wapi, alivuka mto gani akiwa ndama, alimwokoa nani kwenye njaa. Nilikaa nimeshika kibuyu, nimesahau kunywa. Sikuwahi kujua kwamba zizi ni kitabu. Tangu siku hiyo sikuuliza idadi kabla ya jina, iwe ng'ombe au watu.

Yapo mengine ya kuchekesha. Nilijaribu kuacha sukari mwezi wa Ramadhani nikiwa nafuturu kwa Bwana Shebe, na mkewe akasusa kunipikia kwa sababu mgeni anayekataa chai tamu anatangaza kwamba nyumba ina njaa. Ya leo ni jaribio moja tu, lile ambalo sikuliandika. Wengi wananiuliza kwa nini kulikuwa na toleo moja ambamo "Nimeonja" ilihusu ngata. Ngata, ile pete ya majani ya migomba ambayo mwanamke anaweka kichwani chini ya debe la maji. Ukurasa mzima wa ngata! Walidhani nimeishiwa.

Sikuishiwa. Sikilizeni.

Zamani zile za elimu ya watu wazima, gazeti lilikuwa linasomwa kwa sauti madarasani, nami nilipenda kwenda kusikiliza. Ukitaka kujua sentensi yako ina ugonjwa gani, mpe mama aliyejifunza kusoma juzi aisome na kidole. Pumzi ikimwisha katikati, sentensi ni mbovu, si yeye. Siku hiyo nilikuwa Mbalizi, darasa la kina mama wa sokoni. Walipomaliza kusoma habari yangu ya Usangu, mama mmoja muuza viazi, anaitwa Mama Subira, akafunga gazeti akaniuliza:

"Ndugu mwandishi, umeshakaa na ng'ombe?"

"Nimekaa, mama."

"Na chai?"

"Na chai."

"Sasa mbona mwanamke aliyeolewa unamwogopa? Au yeye hana habari kama ng'ombe?"

Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu mwenyewe alijificha nyuma ya ubao. Mimi ni mtu wa majivuno, siwezi kukimbia mbele ya viazi. Nikasema, "Nitaishi kama mkamwana. Nyumbani kwetu, kwa baba yangu mwenyewe. Kila anachofanya mke wangu nitafanya."

"Kila kitu?" akauliza Mama Subira, naye ni wa kwetu, anajua anachouliza.

"Kila kitu."

Kwa wasiotoka kwetu, lazima nieleze. Sisi ni Wanyakyusa, watu wa chini ya Mlima Rungwe. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba hawapendani. Hawaonani. Mke akimsikia mkwewe anakuja, anatoka njiani, anageuka, anajifunika, anamwacha apite. Hamtazami, hamsemeshi, hata jina lake halitamki. Mwanamke akivunja mwiko huo, wazee walisema, tumbo lake ndilo linalolipa: hapati mtoto, au mtoto hakai. Ninyi mnaweza kucheka. Mke wangu Tusekile hakuwa anacheka. Alikuwa ameshazika watoto wachanga, na wakati ule alikuwa na mimba tena, nami nilikuwa mjini na yeye yuko kwa wazazi wangu, kama ilivyokuwa desturi.

Nilipofika nyumbani nikamweleza. Akaacha kupepeta.

"Utabeba maji?"

"Nitabeba."

"Utapika?"

"Nitapika."

"Na baba yako utamkwepa kama mimi?"

"Kama wewe."

Akacheka hadi akaketi chini. Mama yangu alipoambiwa hakucheka, alisema mjini wamemroga mwanawe. Lakini baba, aliyekuwa ndani amejilaza, akapaza sauti kupitia ukutani: "Mwambieni huyo mkamwana mpya mwenye ndevu, jana ndizi zilikuwa ngumu!"

Nikaanza. Siwachoshi na habari ya kuni na jivu, mnazijua. Lililonishangaza ni kukwepa. Nilidhani kukwepa ni kukimbia tu. Kumbe ni kusikiliza. Tusekile alikuwa anapika, anaongea, anacheka, na ghafla amekwisha geuka, kanga imeshuka usoni, na mimi sijasikia kitu. Kisha ndipo nasikia fimbo ya baba. Aliujua mlio wa mlango wake, pumzi zake akipanda kilima, siku goti linapomwuma. Miaka yote hajawahi kumwona uso, na alimjua kuliko mimi aliyenizaa.

Na jambo jingine sikuwahi kulitambua nikiwa mwana. Baba naye alikuwa anakwepa. Kila akitoka, alikohoa kwanza mlangoni. Kabla ya kona, alikohoa. Nilikua nikidhani mzee ana kifua. Hakuwa na kifua! Alikuwa anampisha mkwewe. Na kule mtoni, wanawake walikuwa na gogo lao la kuvukia, la chini, na wanaume walikuwa na daraja lao la juu, mbali kidogo. Baba hakuwahi kulikanyaga gogo la wanawake, asije akakutana na Tusekile katikati ya maji, mahali ambapo mtu hana pa kugeukia. Watu wawili hawajawahi kutazamana, na kila siku walikuwa wanafikiriana hivyo, kila hatua. Nilisimama uani na mwiko mkononi nikawaza, mimi mwandishi nimezaliwa ndani ya nyumba hii na sikuona.

Maji yalinitesa. Debe kichwani halitaki utazame chini, ukitazama tu limekumwagikia mgongoni. Na gogo lile lilikuwa limelazwa juu ya mto wenye mawe, jembamba, halina pa kushika. Tusekile alikuwa analivuka na debe limejaa, shingo imenyooka, macho yanatazama migomba ya ng'ambo. Mimi nililivuka kwa kutambaa kama mjusi, debe nimelitanguliza mbele, wanawake wakiniimbia.

"Unaliona wapi?" nikamwuliza.

"Silioni. Nalikanyaga."

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mvua ya kwetu mnaijua, haina adabu. Baba alikuwa amekwenda ng'ambo msibani, akalala huko, na mvua ile ikabeba daraja la wanaume. Asubuhi yake mimi na Tusekile tukashuka mtoni na madebe. Ukungu umekaa hadi kwenye majani, mto umevimba, rangi ya udongo, unanguruma.

Tukasikia kikohozi.

Tusekile akageuka palepale, akachuchumaa, akajifunika. Mimi nami, si nimejaribu kuwa mkamwana? Nikageuka, nikachuchumaa kando yake. Tunatazama migomba. Tunangoja apite.

Kikohozi tena. Hakuna hatua. Kikohozi cha tatu.

"Mbona hapiti?" nikanong'ona.

Tusekile alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. "Kikohozi hicho si cha kupita," akasema. "Ni cha kuita. Geuka wewe. Wewe ni mwanawe."

Nikageuka. Baba alikuwa katikati ya gogo la wanawake, amesimama, fimbo inapapasa hewa. Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, ila alikuwa anaficha. Alipokuta daraja lake halipo, akaja kwenye hili, majivuno yakamfikisha katikati, na hapo gogo likamshinda. Halijui. Mbele hajui, nyuma hajui. Mguu mmoja ulisogea, ukarudi palepale.

"Baba, simama!"

"Nimesimama, mjinga wewe! Unadhani nacheza ngoma?"

Nikakanyaga gogo niende kumshika. Likacheza. Baba akapiga kelele, "Shuka! Halibebi wawili! Unataka kuniua urithi migomba?"

Nikashuka. Mikono yangu ilikuwa mitupu kabisa. Nilikuwa nimeshavuka gogo lile, ndiyo, lakini kwa tumbo na macho yamefumba. Ningemwambia nini?

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Tusekile, ya chini, inaiambia migomba: "Mume wangu, mwambie avue viatu."

"Vua viatu, baba!"

"Ulivyoniletea mwenyewe kutoka mjini?"

"Vua!"

Akavua kimoja kwa kidole cha mguu mwingine, kikaanguka. Mto ukakimeza. Akavua cha pili. "Haya," akasema, "wakimvua samaki mwenye viatu huko Ziwa Nyasa, waambie ni vya kwangu."

Nawaambieni ukweli, nilicheka na machozi yananitoka.

"Mguu gani uko mbele?" akauliza Tusekile. Nikauliza. Wa fimbo, akasema baba. "Basi atelezeshe taratibu, asiinue. Atakuta kifundo kama goti la mtu. Akikipata aweke kisigino nyuma yake, hapo gogo limeganda, halichezi."

Nikayapaza maneno hayo moja moja juu ya mngurumo wa maji. Baba akatelezesha. Nikaona vidole vyake vinatafuta kama vidole vya kipofu usoni mwa mtoto. Vikaenda, vikarudi.

"Nimekipata," akasema. Na sauti yake haikuwa na ukali tena.

"Sasa gogo linakwenda kushoto," Tusekile akasema. "Halionekani kwa macho, macho yanasema limenyooka. Ndiyo maana watu wanaanguka pale. Yeye haoni, afadhali yake."

Nikageuka kidogo nimsikie vizuri, na hapo niliona kitu ambacho kimekaa nami hadi uzee huu. Tusekile alikuwa amesimama. Mgongo wake ulikuwa umeelekea mtoni, kanga imemfunika uso, tumbo lake mbele yake. Na miguu yake, mitupu, ilikuwa inatembea. Palepale kwenye tope alikuwa anatelezesha mguu, anatafuta kifundo, anaweka kisigino, anakunja kushoto. Alikuwa anavuka. Kichwa hakikujua gogo lile, kwa hiyo aliiuliza miguu, na miguu ilikuwa inamjibu.

Nikatazama mtoni. Baba anatelezesha mguu. Nikatazama nyuma. Mkwewe anatelezesha mguu. Hawatazamani. Hawasemeshani. Wanatembea pamoja, mmoja juu ya maji na mwingine juu ya tope, na mimi katikati ni mdomo tu. Nimeona Ziwa Nyasa likichafuka, nimeona reli mpya ikipasua mlima, nimeona tambarare ya Usangu imejaa ndege hadi haina rangi yake. Sijaona kikubwa kama kile.

"Hapa mbele upande wa kulia pameoza," akasema. "Akanyage kushoto, kama anapita pembeni ya mtu aliyelala."

"Baba, kushoto. Kama unampita mtu aliyelala."

"Hatua yake ya mwisho iwe ndefu," akasema Tusekile, "na mimi naondoka." Nikasikia majani ya migomba yanafunguka na kufunga.

Baba akatua ukingoni. Nikamkamata, tukaanguka wote kwenye tope, mzee wangu na utu uzima wake wote. Alikuwa mwepesi. Sikujua baba yangu ni mwepesi hivyo.

Alipopata pumzi akaketi. Akageuza uso wake kwenye migomba, ambako haoni kitu, akasema kwa sauti ya mkutanoni: "Mwanangu analijua gogo la wanawake. Mwanangu ndiye aliyenivusha. Mimi sikusikia mtu mwingine yeyote. Migomba hii ni shahidi."

Migomba haikujibu. Lakini jani moja lilikuwa linatikisika.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana habari za mtoni hazikai mtoni. Mchana wake tu mama aliniweka kando: "Tusekile alikuwapo? Alimtazama? Alisema?" Nyuso za wanawake wa ukoo zilikuwa zinaangalia tumbo la mke wangu, siyo yeye. Na Tusekile mwenyewe aliacha kucheka. Jioni aliniuliza, "Kusema na migomba ni kusema naye?" Nikachochea moto. Akiharibikiwa tena, kila mtu atajua sababu, na yeye atakuwa wa kwanza kuiamini.

Baba alipigana vita ile peke yake. Kila palipokuwa na pombe, alisimulia. Mwanangu alisema kifundo. Mwanangu alisema kushoto. Ninyi mnamdharau anabeba maji, lakini bila kubeba maji angelijuaje gogo? Wazee wakaja kunishika mkono. Nikasifiwa ujuzi ambao sikuwa nao, na mimi, mnayenijua kwamba siachii sifa, nilizipokea sifa zile kama mtu anayemeza mwarobaini. Ningesema ukweli, ningemvua Tusekile nguo mbele ya ukoo.

Nikarudi Mbeya. Nikamsimulia Bwana Shebe mlango umefungwa. Alisikiliza hadi chai yake ikapoa.

"Kaa kitako, bwana," akasema, nami nilikuwa nimekaa tayari. "Hii ni habari ya maisha yako. Huandiki nyingine kama hii hata ukiishi miaka ya Nuhu. Iandike."

"Siandiki."

"Tutabadili majina."

"Gogo wanalijua, Bwana Shebe. Gazeti linasomwa kwa sauti kule kwetu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mtoto atazaliwa lini?"

Nikamwambia.

"Basi hadi mtoto atembee, hii haipo." Kisha akasukuma kwangu stensili, ile karatasi ya nta ya mashine. "Ukurasa lakini hauwezi kwenda mweupe. Una nini kingine?"

Nikaandika ngata. Namna ya kuisokota, majani gani yanafaa, kwa nini shingo isigeuke. Mama Subira wa Mbalizi alinicheka mbele ya darasa zima. "Ndiyo hayo tu uliyoyaona kwa mwanamke?" Nikamwambia ndiyo, mama, ndiyo hayo tu. Vijana, mtaambiwa kwamba mwandishi hodari ni yule asiyeficha kitu. Upuuzi. Kuonja ni kazi yako. Kupakua, tazama kwanza nani ataungua.

Tusekile mwenyewe ndiye aliyeniambia juzi, "Andika sasa. Nani tena ataungua?" Ndiyo maana mnasoma.

Mtoto alizaliwa wakati wa baridi. Msichana. Tulikaa tunamtazama anavyopumua, hatuthubutu kumpa jina. Akapumua wiki, akapumua mwezi. Akaketi. Akaota meno akaniuma kidole, nikalia kwa furaha kama mlevi. Siku alipoachia kiti kitupu cha babu yake akaenda peke yake hadi kwa mama yake, baba akatuma watu waite ukoo.

Kwetu baba mkwe anaweza kumfungua mkamwana wake. Anatoa mnyama, watu wanashuhudia, na kuanzia hapo mwiko umekwisha: watatazamana, watasemeshana, atamwita tata, yaani baba, atamletea chakula mkononi. Wengine hawafanyi kabisa, wanakufa bila kuonana. Baba alitoa ng'ombe, naye hakuwa na ng'ombe wa kuchezea. Watu wakamwuliza kwa nini haraka hivyo, mke bado kijana. Akasema, "Mimi ndiye niliye na haraka."

Maana macho yalikuwa yameisha. Ukungu ulikuwa umeziba yote mawili, hospitali walisema tumechelewa. Aliketi kwenye kigoda uani, amevaa koti lake la msibani, uso wake umeelekea mahali pasipo na mtu.

Wanawake wakamtoa Tusekile nyumbani, wamemfunika. Wakamleta hadi mbele yake. Shangazi yangu akaiondoa kanga kichwani. Watu wakanyoosha shingo.

Baba akangoja. Akasikia pumzi tu. Akanyoosha mkono hewani, akasema, "Amekuja? Mbona hasemi? Wamemfungua, aseme."

Tusekile hakuushika mkono ule mara moja. Alikuwa amesimama, mikono imekumbatia kanga, macho yake yanakwenda kwenye paji la mzee, kwenye mashavu, kwenye mdomo ule aliousikia miaka yote ukikohoa mlangoni.

"Ngoja, tata," akasema. "Nakutazama kwanza."

Na baba yangu, mtu asiyewahi kungojeshwa na yeyote, akashusha mkono, akafunga kifungo cha juu cha koti, akaketi wima ili atazamwe.